"Kisa wivu wa mapenzi": habari ya mauaji inavyompata mwenye lawama

"Amuua mkewe kisa meseji." Kichwa hiki nimekitunga mwenyewe, lakini msomaji wa magazeti ya Tanzania hatashangaa akiambiwa kimechapwa jana. Ondoa neno la mwisho uweke unyumba, chakula, simu au Sh2,000, bado kitasomeka vizuri tu. Ni maneno manne. Muuaji hana jina, aliyekufa anatambulishwa kwa kuwa mke wa muuaji, na neno la tatu limeshaeleza sababu kabla hata marehemu hajazikwa.

Tukisikia upendeleo wa vyombo vya habari, wengi wetu tunawaza siasa: gazeti hili la chama fulani, redio ile ya mbunge fulani. Kwenye habari za damu, upendeleo hauhitaji mtu wa kuupanga. Umekaa ndani ya misemo iliyoiva zamani, ambayo mwandishi huichota jioni mhariri akiwa juu yake anadai habari, na ambayo sisi wasomaji tumeizoea hata hatuisikii tena. Misemo hiyo ndiyo inayoamua nani atajwe kama mtu, nani aonekane ametenda, na jambo gani lihesabiwe kuwa ndiyo sababu.

Tuanze na sababu, maana ndiko kwenye fundo lenyewe. Habari nyingi za mauaji mikoani zina chanzo kimoja, naye ni Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Taarifa yake ina mpangilio unaojulikana: tarehe, saa, kijiji, jina na umri wa marehemu, kazi yake (mara nyingi mkulima), jina la anayeshikiliwa, halafu sentensi moja fupi kwamba chanzo cha tukio hilo ni wivu wa mapenzi. Sentensi hiyo ndiyo inayopanda juu na kuwa kichwa cha habari. Kamanda kaipata wapi, saa chache tu baada ya mwili kukutwa? Wakati mwingine kwa majirani. Wakati mwingine kwa yule yule aliyekamatwa. Hapo, kati ya watu wawili waliokuwa chumbani, simulizi inayochapwa inakuwa ya yule aliyebaki hai, tena inachapwa kwa sauti ya dola.

Kisheria hilo si jambo dogo. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema anayeua kwa ghadhabu ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla hasira haijapoa, atahesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Kenya ina kanuni kama hiyo katika kifungu cha 207 cha sheria yake. Ukivuka mstari huo, unatoka kwenye adhabu ya kifo unaingia kwenye kifungo ambacho huweza kuwa cha miaka michache. Mahakamani utetezi huo huchambuliwa: uchokozi ulikuwa upi, ulitokea lini, silaha ilitoka wapi, mtu wa kawaida angefanya vile? Gazetini hauchambuliwi. "Wivu wa mapenzi" hutolewa bure kwenye aya ya kwanza, hata kwa mtu aliyekuja na petroli yake mkononi.

Tarehe 1 Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris wiki tatu nyuma, alimwagiwa petroli na kuwashwa moto nyumbani kwake katika Kaunti ya Trans Nzoia, Kenya. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret. Polisi walisema yeye na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake walikuwa na mzozo wa ardhi palipojengwa nyumba hiyo. Neno likashika: mzozo wa ardhi. Sasa, mzozo unahitaji watu wawili, na kila mmoja ana upande wake. Ukiusoma kwenye kichwa cha habari unaanza bila kujua kupima nani alikuwa na haki ya kiwanja, ilhali jambo lililotokea ni mtu mmoja kumchoma moto mwenzake. Baba yake aliwaambia waandishi kwamba walikuwa wameshapeleka malalamiko polisi kabla ya siku hiyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo iliyostahili herufi kubwa. Katika nyingi ya habari nilizosoma ilikuwa aya ya chini.

Miaka mitano kabla ya hapo, Aprili 2019, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi aliuawa kwa shoka mchana kweupe mjini Eldoret. Kabla ya maziko mjadala ulikuwa umeshahamia kwenye pesa: mwanamume alimtumia kiasi gani, binti alikula nauli ya nani, zawadi zilikuwa za nini. Aliyekufa ndiye aliyekuwa akihojiwa. Mwaka 2024 mahakama ilimtia hatiani aliyemuua ikampa kifungo cha miaka 40, na katika kupata hatia hiyo hakuna aliyehitaji kujua nani alikula nauli.

Neno jingine linalofanya kazi hii ni tukio. Kila mauaji ya mwanamke ni "tukio", limetokea, limeshtua wakazi, basi. Tukio halina ndugu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao, na Afrika ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko mabara yote kwa kulinganisha na idadi ya watu. Wanawake wa Kenya walipoandamana katika miji mingi tarehe 27 Januari 2024, walikuwa wanakataa hesabu ya moja moja. Walitaka mauaji yale yaitwe kwa jina la pamoja.

Kanda ya Ziwa kuna sababu nyingine iliyoiva: imani za kishirikina. Bibi kizee wa Shinyanga au Geita akikatwa mapanga usiku, kichwa cha habari kitasema ameuawa kwa imani za kishirikina, na huenda kikaongeza habari ya macho mekundu, yanayodhaniwa kuwa alama ya uchawi, kana kwamba miaka hamsini ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni haitoshi kuyafanya yawe mekundu. Imani ipo, sibishi. Lakini mara nyingi pana shamba pia, na warithi wanaojuana, na wauaji wa kukodi waliolipwa na mtu mwenye jina. Imani haiwezi kupandishwa kizimbani. Aliyetoa pesa anaweza.

Halafu kuna sarufi yenyewe. Kiswahili kinatupa kauli ya kutendwa kwa herufi moja tu, na waandishi wa vichwa vya habari wanaipenda kwa sababu ni fupi: "Mwanamke auawa gesti", "Binti abakwa, atupwa", "Akutwa amefariki." Mtendwa yupo, mtendaji ameyeyuka. Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani Nancy Henley na wenzake walichapisha utafiti ambamo wasomaji walipewa habari zile zile za ukatili, tofauti ikiwa kwenye kitenzi tu. Wanaume waliosoma habari za ubakaji katika kauli ya kutendwa walimpunguzia mtendaji lawama, na waliona madhara kwa aliyebakwa kuwa madogo zaidi. Kwa wanawake matokeo hayo hayakujitokeza. Kitenzi kimoja tu kiligeuzwa.

Hapa mhariri makini atanisimamisha, na ana haki. Atasema: wewe unataka niandike "fulani amuua mkewe" wakati fulani hajafikishwa hata mahakamani? Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka hatia yake ithibitike, na Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyo hivyo katika ibara ya 50. Kauli ya kutendwa, kwa mhariri huyo, ni adabu ya kisheria: inamlinda mtuhumiwa, na inalilinda gazeti lisishtakiwe. Ningekubaliana naye moja kwa moja kama adabu hiyo ingegawiwa kwa watu wote sawa. Haigawiwi sawa.

Angalia "Kibaka auawa na wananchi wenye hasira kali." Hapa watendaji wametajwa, tena kwa heshima. Wananchi ni neno zuri, ni wenye nchi. Wana hasira, na hasira ni kali, kwa hiyo sababu nayo imeshatolewa. Kenya utasikia umati wenye ghadhabu, wakazi wenye hamaki. Wimbo ni ule ule. Aliyekufa hakupewa hata neno mtuhumiwa: ni kibaka, ni mwizi wa pikipiki, mara nyingi bila jina. Kisheria watu walioshika mawe na tairi wametenda kosa linaloangukia kifungu cha 196, mauaji, sawa na mume wa meseji. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika juu ya vifo hivi katika ripoti zake za kila mwaka. Lakini habari hufungwa na Kamanda "kuwaasa wananchi kuacha kujichukulia sheria mkononi", maneno ambayo ukiyasikiliza vizuri ni ya mzazi anayekanya watoto walioiba sukari.

Na jambazi je? Neno hili halisubiri mahakama hata siku moja. Januari 2006 jijini Dar es Salaam wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, pamoja na dereva teksi aliyekuwa amewabeba, walikufa mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza yalikuwa yale yale tunayoyajua kwa moyo: ni majambazi, waliuawa katika majibizano ya risasi. Kama ndugu zao wasingepiga kelele, wangebaki majambazi mpaka leo. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ikabainika kwamba hawakuwa majambazi. Walikamatwa, wakapelekwa msitu wa Pande, wakauawa. Maofisa wa polisi walishtakiwa, akiwamo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa makosa ya jinai wa mkoa, Abdallah Zombe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuachiwa kwa Zombe na kumtia hatiani ofisa mwingine mmoja, aliyehukumiwa kifo.

Kesi hiyo ilichukua miaka kumi, na tume ya rais, na mahakama mbili, ili kulifuta neno moja. Marehemu wengine wa "majibizano ya risasi" hawajapata tume. Ukisoma habari hizo za Dar es Salaam au za mitaa ya Nairobi kama Kayole na Mathare utaona zinafanana hadi vituo: waliamriwa kusimama, wakakaidi, wakafyatua risasi, askari wakajibu, wakapatikana na bastola na risasi kadhaa, mmoja akatoroka. Yupo daima mmoja anayetoroka. Huenda nyingi ni za kweli. Ninachojua ni kwamba mwandishi hakuwepo, walioshuhudia upande wa pili wamekufa, na neno washukiwa, ambalo magazeti ya Kenya hulitumia kwa uangalifu zaidi yetu, hudumu aya mbili kisha linageuka majambazi.

Linganisha na Shakahola. Tangu mwaka 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, na Paul Mackenzie ameshtakiwa kwa makosa yakiwamo ya mauaji na ugaidi, ambayo ameyakana. Vyombo vya habari vikampa sifa iliyomganda: mhubiri tata. Tata! Sitaki aitwe muuaji kabla ya hukumu. Uangalifu ule ni sahihi kabisa. Nauliza tu kwa nini mhubiri mwenye mawakili aliupata na kijana wa Kayole hakuupata. Jibu, nadhani, ni jepesi: wa kwanza anaweza kushtaki gazeti. Maiti haishtaki, na mama yake hana nauli ya kwenda kwa wakili.

Mizani hiyo hiyo ndiyo iliyotumika Kenya baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ambapo "wenye asili ya Kisomali" iliingia kwenye maelezo ya ushahidi kama kwamba ni alama ya uhalifu, na Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao wa asili hiyo, wakakusanywa mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na kwingineko na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Nayo "mauaji ya albino" yaliandikwa kwa miaka huku bei za "viungo" zikichapwa kama za bidhaa sokoni. Sijui gazeti lilidhani linamwonya nani kwa kutaja bei.

Msemo mmoja, hata hivyo, hautokani na uvivu wala mazoea. Watu wasiojulikana. Zamani ulikuwa maelezo ya kawaida tu: polisi hawajamjua aliyefanya. Kuanzia mwaka 2016 na 2017, wakati viongozi wa vijiji na askari walipokuwa wakiuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, msemo huu ukaanza kuota nyama. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu akapigwa risasi mjini Dodoma, mchana, katika eneo la makazi ya viongozi. Wakawa watu wasiojulikana. Tarehe 21 Novemba mwaka huo huo Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, akachukuliwa na watu na mpaka leo hajaonekana. Kufikia hapo Watanzania walikuwa wakiutamka msemo huo kama jina la kikundi, kwa sauti ya chini na kwa kutazamana usoni.

Mwandishi angefanya nini? Septemba 2017 gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa kwa miezi 24, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilikuwa bado mbichi. Mtu akiniambia "wasiojulikana" ni upendeleo kwa wenye nguvu, nitakubali. Akiniambia ni woga, nitakubali pia, na sitamcheka aliyeogopa. Lakini hata ndani ya woga kulikuwa na nafasi ya kuandika kinachojulikana: gari la aina gani, lilitoka upande gani, walinzi wa eneo lile walikuwa wapi, kamera za usalama zilikwenda wapi. Baadhi ya waandishi waliandika hivyo. Hawakumtaja mtu, lakini msomaji aliona kwamba kutojulikana nako kuna maswali yake.

Kwa kawaida lakini hakuna woga wala njama, kuna posho. Mwandishi wa wilayani analipwa kwa habari iliyotoka, si kwa habari aliyoifuatilia. Kwenda kijijini kuzungumza na dada wa marehemu ni bodaboda ya kwenda na kurudi, kutoka mfukoni mwake. Taarifa ya Kamanda inaingia kwenye kundi la WhatsApp bila gharama, imeshaandikwa, ina majina na umri. Akiivuruga kwa maswali mengi, kesho huenda asiitwe. Ukitaka kujua kwa nini lugha ya gazeti inafanana na ya kituo cha polisi, anzia hapo kabla hujaanza kulaumu maadili.

Kuna neno ambalo waandishi hudhani linawaokoa: inadaiwa. "Inadaiwa marehemu alikuwa na uhusiano na mwanamume mwingine." Nani anadai? Neno lina kauli ile ile ya kutendwa, na safari hii anayeyeyuka ni mdai. Lingeandikwa kwa ukamilifu lingesomeka "anayeshikiliwa kwa kumuua anadai marehemu alikuwa na mwanamume mwingine", na msomaji angejua mara moja uzito wa dai hilo. "Inadaiwa" humlinda mtuhumiwa aliye hai na kumchafua aliyekufa, kwa pumzi moja. Mtu akinipa mamlaka ya siku moja katika chumba cha habari, nitapiga marufuku neno hilo lisiandikwe bila mdai wake, na mengine nitayaacha kama yalivyo.

Kwa sababu hoja ya mhariri juu ya Katiba inajibika. Si lazima kuchagua kati ya kumhukumu mtu na kumficha. Kile kichwa cha kwanza kingeweza kuwa: "Mwanamke wa miaka 28 achomwa kisu nyumbani, polisi wamshikilia mumewe." Aliyekufa ana umri na si mali ya mtu, kitendo kimetajwa kwa jina lake, mume anashikiliwa na hajahukumiwa, na sababu haipo kwa kuwa bado hakuna aijuaye. Ni kirefu, kweli. Zamani hoja ya urefu ilikuwa na maana, safu za gazeti la karatasi zilikuwa nyembamba. Siku hizi habari hizi zinasomwa kwenye simu.

Sababu itakuja baadaye, na hapo ndipo vyombo vyetu vinapokosekana kabisa. Kesi ya mauaji Tanzania huanza kwa hakimu asiye na mamlaka ya kuisikiliza, inaahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika, inapanda Mahakama Kuu, na hukumu inasomwa wakati mwandishi wa mwanzo ameshahamia kwenye habari za michezo. Hukumu hizo ziko wazi kwa yeyote mwenye simu: za Tanzania zinapatikana bure kwenye TanzLII, za Kenya kwenye tovuti ya Kenya Law. Humo majaji wanaandika kurasa nyingi wakiuchambua ule wivu: ulianza lini, nani aliuona, panga lilinolewa lini. Mhariri anayetaka kujua kama "kisa" alichokichapa miaka mitatu iliyopita kilikuwa kweli anaweza kuanza kusoma leo jioni, bila kumpigia Kamanda simu.